Kitabu Chenye Taa Ndani

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye sinema hii ingekaa chini kama gunia. Mimi ndiye twiga, Dada. Nusu ya twiga, tuseme ukweli, tena nusu ya nyuma, lakini muulize yeyote hapa: shingo ni ya kupendeza tu, wanaotembea ni mimi na miguu yangu. Hujambo lakini? Wajomba zangu wadogo, wanao, hawajambo? Na Baba, mkono wake bado haujanyanyuka? Mimi mzima, ila mgongo umepinda na usingizi nausikia kwa wenzangu.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kitabu kinarudi lini, maana kila jioni Baba anageuza macho kwenye kabati, na ukimsomea kile cha kuazima hacheki. Atacheka vipi? Hicho hakina utani wake, ule aliouandika kwa penseli pembeni mwa kurasa tulipokuwa wadogo. Na sasa hata kalamu haishiki. Subiri kwanza nikupe habari za kazi.

Hadithi ya twiga anayekunywa mawingu, ile ile ya kitabu chetu, inatengenezwa ndani ya bohari la mabati. Mawingu ni pamba ya magodoro. Twiga ni sponji na waya, na tumboni mwake kuna joto la tanuri na harufu ya mwenzangu wa mbele, mpenda vitunguu. Mwongozaji wetu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya king'ora, akisema turudie, tunarudia mpaka magoti yanaomba radhi. Akiniuliza kama nimechoka, namwambia neno hilo sikufika darasa linapofundishwa. Mwongo mkubwa mimi.

Kitabu ulinipa shingo upande, ukaniapisha nitakirudisha kizima. Fundi wa vifaa ndiye aliyetaka kuona kitabu kilichosomwa kikachakaa kweli. Basi alitafuta vingine viwili vya aina hiyo kwa muuza mitumba, akaviloweka kwenye chai, akavikunja pembe, akavitia hata lile doa la mafuta. Vikalala mezani kama mapacha watatu. Nikamtania kwamba hata mama yao mzazi asingewatambua. Akacheka, akanishauri nikiondoe chetu mapema. Nikamjibu asinifundishe mali ya kwetu.

Sasa, ndani ya sinema mtoto anafunua kitabu na mwanga unatoka humo unamwangaza uso. Si uchawi, Dada. Kurasa zinapakwa gundi kingoni zishikane kama sanduku, katikati zinachongwa kwa kisu, na shimoni inawekwa taa ndogo. Siku hiyo fundi alikuwa juu ya ngazi anafunga mawingu, mwongozaji akapiga kelele kuuliza nani mwingine anaweza. Nani mwingine? Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye miguu ya twiga, macho mazito. Nikachukua kilichokuwa karibu. Sikukifunua hata kidogo. Nikakipaka, nikakibana mpaka gundi ikashika, nikageuza jalada nikaanza kuchonga kwa nguvu, jasho likinifumba macho.

Taa ilipowaka yule mtoto alikodoa macho kweli, na bohari zima likapiga makofi. Mwongozaji akaniambia nina mkono wa kazi. Nikainama niitazame kazi yenyewe. Kwenye ukurasa wa juu, kando ya shimo, Baba ameandika kwamba hapa twiga alijamba, ndiyo maana mvua ikanyesha.

Nimejaribu mvuke. Nimejaribu wembe. Fundi naye amejaribu, bila kunisema hata neno, na afadhali angenisema.

Wabusu watoto. Baba msalimie sana, ila habari hii sijui umwambie vipi, au usimwambie kabisa. Wewe ndiye mkubwa. Maneno yake yote yamo, Dada, pembeni kote, sikukata hata moja. Lakini kitabu hakifunuki tena, na aliyekigandisha ni mimi.

Mdogo wako