Wasifu wa Baba Haujaisha

Igalula, Tabora

Dada Subilaga,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Tukuyu? Huku ni vumbi tu. Nikivua viatu jioni utadhani nimetoka pwani kwa miguu na wapagazi wa zamani. Mimi mzima, na kitambi kizima.

Nakuandikia kuhusu wasifu wa Baba, ule mlionipa niandike pale msibani, usomwe siku ya kuweka msalaba kaburini. Niliumaliza kitambo. Kurasa tatu, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, si unanijua. Nikampa Venansi, mwalimu mwenzangu kutoka Ulyankulu, nikakaa kungoja sifa. Akasoma, akakuna kidevu.

"Mwalimu, huyu ni baba yako au malaika?"

"Baba yangu."

"Hakuwahi kuugua? Maana humu ametoka kwenye uzee wa kanisa moja kwa moja mpaka kaburini."

Nilinuna mpaka Jumamosi, nikaenda Tabora mjini kwenye darasa letu la Biblia. Siku hiyo mchungaji alifundisha Injili ya Luka: nani aliandika, alimwandikia nani, ili iweje. Akasema mwandishi hakujitaja jina; mapokeo ndiyo yanayomwita Luka, tabibu. Mambo yale hakuyaona kwa macho yake, wala hakuficha hilo: aliyafuatilia kwa waliokuwepo tangu mwanzo. Akamwandikia Theofilo, mtu aliyekwisha kufundishwa, ili awe na hakika. Kisha mchungaji akanyoosha kidole dirishani, kwenye njia ya zamani ya misafara.

"Wenye misafara tunawajua kwa majina. Waliobeba mizigo, nani aliwauliza?"

Dada, nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nikakosa pa kuangalia.

Miaka miwili Baba hakuinuka kitandani. Wewe ulimgeuza, ukamlisha, ukamwosha. Mimi nilipiga simu kuuliza anaendeleaje, na juu yake nikatoa ushauri! Halafu nikaandika wasifu wa kuwafurahisha wazee wa kanisa, waone mtoto wa mwenzao anajua Kiswahili. Kumbe Baba ana wajukuu ambao hawakumfahamu. Hao ndio Theofilo wangu, na siwezi kuwapa hakika ya nisichokijua.

Ukurasa wa tatu, ule unaoruka kutoka uzee wa kanisa mpaka kaburini, nimeuchana. Nakutumia ile miwili pamoja na karatasi tupu. Andika ulichokiona: alicheka nini, aliogopa nini, alisema nini mwishoni. Kama aliniulizia nami sikuja, andika na hilo, usinisitiri. Na siku ya msalaba usome wewe. Mimi nitakaa na wajukuu kwenye mkeka, nisikilize.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli asiyemaliza baiskeli; na Mama Mdogo, mtunza funguo za kanisa, mwambie sauti yake ya kwaya naikumbuka, hata pale inapopotea njia.

Mdogo wako ambaye hakuwepo,

Lusekelo