Kidole cha Saa Kumi na Moja

Yeyo,

Mama yangu, sijui kama huko kwa waliotangulia mnapata habari, lakini nimechukua kazi yako. Ndiyo, kule kwa shamba la maua, kwa meza yako ile ile ya kupanga rosi. Tulikuwa hata hatujamaliza matanga yako kule Mashuuru, supavaisa akaja mwenyewe kuniita. Majirani wa hapa Kitengela wakasema ni baraka. Mimi nikajiuliza, mtu ambaye hata salamu zako alikuwa haitikii, hii huruma ameitoa wapi? Na yule ndume wa kuchinja waliyetuletea? Nyama yake sikuigusa.

Maneno ya wakubwa wa shamba siku hiyo ya matanga bado yananichoma. Walisimama mbele ya watu wakasema pole sana, lakini mama alitoka kazini saa kumi na moja jioni, mashine ya vidole inaonyesha. Na lori lilikugonga saa tatu usiku. Watu wakaanza kunong'ona. Alikuwa wapi masaa hayo yote? Na nani? Baba aliacha kutaja jina lako, Yeyo, na hiyo iliniuma kuliko kaburi.

Siku yangu ya kwanza, saa kumi na moja, supavaisa akapaza sauti, "Vidole!" Wote wakapanga laini, kila mtu akaweka kidole kwa mashine kuonyesha ametoka. Nikachukua kibeti changu niende. Wakanicheka. Kumbe hakuna kwenda! Unaweka kidole, unarudi kwa meza, unapanga maua mpaka gari la kiwanja cha ndege lijae. Kwa mashine uko nyumbani unasonga ugali, kwa hivyo hayo masaa hulipwi. Nilirudi kwa meza yako. Haki, kwa nini hukutuambia?

Tangu hapo siamini mtu. Mama Brayo, yule mlikuwa mkifanya kazi naye bega kwa bega, ananiletea chai na machozi kila siku. Nikimuuliza mlitoka saa ngapi jioni ile, anaangalia mlango. Nikawaza labda ametumwa, kikulacho ki nguoni mwako. Supavaisa naye sasa ananiita "binti yangu". Ameniletea karatasi Baba aweke sahihi, ati ni ya kupokea rambirambi tu, lakini chini imeandikwa hatutadai kitu kingine. Nikamwambia miwani ya Baba imevunjika. Baba hajawahi kuwa na miwani.

Jana akaita tena, "Vidole!" Sikusimama. Akaja nyuma yangu akauliza kama nimeziba masikio. Nikasema nitaweka kidole nikienda nyumbani. Aiya, laini yote ikanigeukia! Halafu nikamwona Mama Brayo akitoka kwa laini, mkono ndani ya aproni, akarudi kwa meza bila kuniangalia. Tulipotoka, giza lishaingia, tukaweka vidole pamoja. Kwa geti akanishika mkono. "Tulitoka na mama yako hapa hapa, usiku kama huu. Nitasema."

Nikamwambia Baba yote. Akaita jina lako, polepole, kama mtu anayeogopa hutaitika. Akalia.

Nakuahidi, Yeyo, kesho tunaenda ofisi ya leba Kajiado kuwashtaki, mimi, Baba na Mama Brayo. Wakinifuta, wanifute. Ile karatasi nimewashia jiko.

Sasa lala. Hukuwa mahali pengine popote. Ulikuwa kazini.

Mtoto wako,
Naserian