Passo nyekundu imeombewa leo

Aneth, hupokei simu, basi naandika. Nimetoka kanisani sasa hivi.

Unaikumbuka ile gari, Passo nyekundu, niliyotaka kuinunua ya kusambazia mafuta ya alizeti hapa mjini? Ndogo, inageuka hata kwenye vichochoro vya sokoni, bodaboda wasinimwagie tena madumu.

Na unakumbuka nilimpeleka nani aikague. Shemeji Enock, mdogo wake mume wangu, fundi wa familia nzima. Akafungua boneti, akanusa, akatikisa kichwa kama ameona maiti. "Shemeji, injini imekufa hii. Utaisukuma mpaka uzeeke." Nikamwamini. Nikaiacha.

Leo baada ya ibada mchungaji katangaza kuna gari la kuombewa. Tunatoka nje, ni ile ile. Aneth, ile ile. Enock kashika funguo, kavaa tai kama bwana harusi.

Nikamnong'oneza, "Si ulisema imekufa?"

"Shemeji, acha utani mbele za watu."

Eti mimi ndiye naleta utani.

Mchungaji hajui kitu, akasema, "Mama Derick, tuongoze kwa maombi."

Nikaweka mkono kwenye boneti, nikaomba kwa sauti: "Baba, iponye injini hii ambayo mtumishi wako Enock aliniambia imekufa, nikaacha kuinunua, akainunua yeye."

Amina nikaitikia mwenyewe. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Watu wote walikuwa wanamshangaa Enock, mume wangu peke yake anaangalia viatu vyake.

Alikuwa anajua, Aneth.