Waya za Plagi na Wimbo wa Mama

Jumanne, 6 Mei

Tumerudi kutoka Nakuru. Mama amesafishwa damu, presha yake iko sawa. Gari ndilo haliko sawa. Tulipopita Njoro, barabara ikianza kupanda na mvua ikishika, lilianza kukohoa na kurukaruka kama mbuzi. Mama akaanza kuimba. Yeye huamini wimbo wake ndio unaolivuta gari hadi nyumbani Elburgon. Leo aliimba beti zote, akarudia, huku ameng'ang'ania mkono wa mlango. Akitoka kwenye mashine huwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Tukikwama naye kwenye baridi ile, sijui. Sitaki hata kuandika.

Jumatano, 7 Mei

Ndugu yangu Maina amekuja. Kafungua boneti, kaona waya za plagi, zile zinazopeleka moto kwenye injini, zina nyufa, kazizungushia blada, ile mipira ya tyubu kuukuu anayofungia kila kitu: jembe, bomba la maji, mguu wa meza yangu.

"Sista, hapo hata mvua ya Nuhu haiingii."

Gari likanguruma vizuri uani. Jua lilikuwa linawaka. Sikulifikiria hilo.

Ijumaa, 9 Mei

Gari limezima mlimani. Mvua. Mama nyuma, chini ya blanketi mbili, anaimba kwa sauti iliyokwisha. Nikalia. Kisha nikamkasirikia yeye, kwa kuimba. Baada ya muda mrefu likawaka, tukatambaa nalo hadi nyumbani. Namchukia Maina. Nalichukia gari. Matatu nayo haiwezekani, mgongo wa Mama hauivumilii.

Jumamosi, 10 Mei

Fundi Karanja aliniambia nirudi jua likizama. Nikadhani ananizungusha. Kumbe alitaka giza. Kawasha injini, kazima taa ya gereji, kanyunyizia waya maji kwa chupa kama ile yangu ya kupigia pasi. Cheche za buluu zikachomoza kwenye blada, zikirukia chuma. Moto wa plagi ulikuwa unavujia njiani.

"Madam, nani alifunga hizi bandeji? Zinashika maji ndani."

Nikasema sijui. Maina ni damu yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Waya mpya zimefika. Karanja alizibadilisha moja moja: anachomoa ya zamani, anaweka mpya ya urefu uleule, ndipo anagusa nyingine. Zikichanganyika, alisema, injini itapiga ovyo. Jioni akazimwagia maji tena. Giza tupu, hakuna hata cheche. Sijawahi kufurahia giza namna hii. Lakini sitaamini mpaka mlima uamue.

Maina amebeba blada zake. Ameenda kufungia banda la kuku.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kubwa kutoka Njoro. Nikaushika usukani kwa nguvu, nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Nikasubiri wimbo. Nao haukuja. Nikaogopa, nikatazama kioo. Mama amelala, mdomo wazi, mikono yote miwili mapajani. Tangu tuanze safari hizi sijawahi kumwona akilala njiani.

Aliamka langoni.

"Tumefika Njoro?"

"Tuko nyumbani, Mama."

"Na mlima?"

"Tumeshaupanda."

Akaniangalia kwa shaka.

"Sasa ni nani aliimba?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamvua viatu.