Swali la Baba Kuhusu Ugonjwa wa Mama

Isiolo, Jumatano, 14 Agosti 1985

Bado nina hasira na jirani yetu, Mama Kendi. Alikuja kumwona Mama, akasema Baba akisikia: "Mzee wako angetahiriwa kama wanaume wetu Wameru, hii kansa ya kizazi ingekupata wapi?" Sisi Waturkana hatutahiri, na anajua.

Daktari aliniambia wengine hudai hivyo, ila siku hizi wanashuku virusi. Nilimweleza Baba.

Jioni alinikuta nikifua shuka za Mama, zenye damu.

"Nikienda nikatwe kesho, atapona?"

Baba, mwenye wajukuu! Nikasema hapana.

"Hapana kwa sababu si mimi niliyemletea, ama kwa sababu nimechelewa?"

Nimeanika shuka, nikaja kulala.