Chupa Isiyo na Lebo

Kabuku

Dada Joyceline,

Shikamoo, ingawa leo huistahili. Kuanzia Segera mpaka Misima hakuna choo kinachong'aa bila mkono wangu. Nzi wakiinusa dawa yangu ya vyoo wanahama wilaya. Na kidato cha pili sikumaliza.

Wewe kwa wivu wako huko Korogwe ukanichongea kwa mabwana wa viwango. Walikuja wakanusa, wakakohoa. "Kijana, hii ni tindikali. Unaiuzaje kwenye chupa za maji ya kunywa, tena bila lebo?"

"Wateja wangu wana pua, mzee," nikamjibu mkubwa wao. Duka zima la Shabbir, ninapouzia, likacheka.

Walizibeba zote isipokuwa moja. Hiyo niliichanganya na chupa za maji ya mama, wasiitambue. Ulidhani umenikomesha?

Mahindi yamekauka. Jirani kaongeza mke. Na hizo simu zako za kumuulizia mama kila jioni zinanikera, ndiyo maana sipokei.

Mama hawezi kuongea, dada. Naye hakuitambua. Aliinywa akimeza vidonge vya presha, koo likaungua. Amelazwa hospitalini Handeni, analishwa kwa mpira. Njoo unitukane huku.

Mdogo wako,
Yordani