Nilirudisha Fidia, Nikaficha Kizunguzungu

Mama Verna mpendwa, sijui hata nianzie wapi lakini nisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, maana siku hiyo kapteni wetu anafunga ripoti ya ajali, na ikishafungwa najijua, sitafungua mdomo tena. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, askari wa akiba hapa jimboni Iowa, dereva wa malori, huu ni mwaka wangu wa kumi na nane na nikifikisha ishirini napata haki ya pensheni, na bima ya jeshi ndiyo inayomtibu mume wangu figo, kwa hiyo tafadhali usinijibu kwamba ningeacha tu. Nilienda vitani mara mbili, na mara ya pili bomu la barabarani lilipindua lori letu, nikarudi na sikio la kushoto lisilosikia na kizunguzungu kinachokuja bila hodi, dunia inageuka na miguu yangu sijui iko wapi, sekunde kumi, siku nyingine zaidi. Kwa hilo nalipwa fidia ya ulemavu ya maveterani. Hairuhusiwi kula fidia na posho ya mazoezi kwa siku zilezile, lazima uachie moja, na mimi kila mwaka najaza ile fomu na kuachia fidia ya kila siku niliyovaa sare, sijawahi kuruka hata siku moja, na kwa sababu hiyo nilijiona mtu safi.

Lakini kuna fomu nyingine, ya afya, ya kikosi. Sajini mmoja wa zamani alinifundisha niliporudi tu, akaniambia, "Dada, kule kwa maveterani waambie kila kinachouma. Huku usiwaambie kitu, watakutoa." Karibu wote tunafanya hivyo, mama, na tunataniana kwenye foleni kabisa. "Wewe mgongo umepona lini?" "Umepona jana Ijumaa, Jumatatu utaanza tena." Basi daktari wa maveterani aliandika kwamba nisiendeshe magari makubwa, na mimi kwenye fomu ya kikosi, penye swali la kizunguzungu, nikaweka alama penye "hapana", mwaka baada ya mwaka, na kuchukua funguo za lori.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi ya mazoezi, nilikuwa narudisha lori nyuma kwenye gereji yetu, na Sajini Lyle Haugen yuko nyuma ananielekeza kwa mikono kama sheria inavyotaka. Nilimwona kwenye kioo. Alisimama pembeni, panapotakiwa. Kizunguzungu kikanishika, mikono ikavuta usukani, nikakanyaga nilichodhani ni breki, na nilichosikia baadaye ni watu wanapiga bodi la lori kwa ngumi wakinipigia kelele nisimame. Lyle alibanwa ukutani. Nyonga imevunjika na mguu wa kulia wameukata juu ya goti, na siku za kazi yeye ni fundi wa mapaa, ana miaka arobaini na mmoja.

Waliponiuliza nilisema sikumwona. Hilo tu. Kapteni akanishika bega. "Si kosa lako, Sajini. Haugen sheria anaijua, amesimama pasipotakiwa." Hivyo ndivyo ripoti itakavyosema, kwamba ni uzembe wake mwenyewe, na ikisema hivyo huenda Lyle asipate fidia ya mguu wake, hiyohiyo fidia ninayolipwa mimi.

Jumapili iliyopita niliendesha gari saa mbili hadi hospitali na bakuli la makaroni kwa ajili ya Janelle, mkewe, naye akanikumbatia asiniachie. Lyle hakumbuki chochote cha siku ile, anaamini alichoambiwa. Akanishika mkono. "Nisamehe, mwenzangu. Nimesimama vibaya nikakutia kwenye balaa." Nikamwambia usijali. Mama Verna, nilimwambia usijali. Nikisema ukweli napoteza sare, pensheni na bima, labda nashtakiwa, na mume wangu atatibiwa na nini? Nikinyamaza, Lyle anabeba kosa langu. Nifanye nini?

Sajini wa Lori


JIBU

Dada yangu, umeniandikia kwamba Jumapili uliendesha gari saa mbili. Mstari huo nimeusoma mara tatu. Mtu amekatwa mguu na bado unashika usukani? Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, funguo mpe mumeo, na usiziombe tena.

Nakuhurumia, na sisemi kwa mdomo tu. Kichwa chako kiliharibika ukiwa kazini, na hakuna anayepaswa kupima figo za mumewe na ukweli kwenye mzani mmoja. Utani wa foleni yenu naujua. Marehemu mume wangu, naye askari wa akiba, nilikuwa namfunga kamba za buti kila Jumamosi ya mazoezi kwa sababu hakuweza kuinama, halafu anakwenda kuandika kwamba mgongo ni mzima, na mimi nilicheka naye. Nimeona aibu kusoma barua yako.

Lakini habari za fomu ya fidia usiniletee. Pesa za serikali ulizirudisha zote, hongera. Mguu wa Lyle utaurudisha kwa fomu gani? Ulikuwa mwaminifu pale palipokuwa rahisi, ukadanganya pale ambapo mtu mwingine ndiye anayesimama nyuma ya lori.

Sasa sikiliza. Jumatatu asubuhi mpigie wakili wa utetezi wa jeshi, ni bure. Usianze na kapteni, wala na yule mkongwe wako wa ushauri. Mpelekee barua ya daktari na fomu za afya zote, mwambie ulichokiona kwenye kioo, na umwambie ripoti inafungwa Jumamosi ili maelezo yako yafike kabla. Muulize pia kuhusu wanaoondolewa jeshini kwa sababu ya afya baada ya miaka kumi na mitano, nasikia wengine hawatoki mikono mitupu. Kwako, baada ya haya, sikuahidi kitu. Bima inaweza kwenda. Anza wiki hii kumtafutia mumeo njia nyingine, na umwambie sababu.

Na wakili akikuruhusu, nenda kwa Lyle, mtu mwingine akiendesha. Usibebe bakuli lolote. Usilie mbele yake akaanza kukubembeleza, maana inaonekana ndiye mtu wa namna hiyo. Mwambie alisimama panapotakiwa, na wewe ulijua. Kisha nyamaza, umwache akukasirikie. Ni haki yake, na umemnyima kwa wiki tatu.